Obama wa Springfield: kiti cha eneo la 13 kilivyopatikana, kikalindwa, kikaachwa

Pale Nyang'oma Kogelo, Siaya, kuna shule ya sekondari inayoitwa kwa jina la Seneta Obama. Ilipewa jina hilo mwaka 2006, alipozuru Kenya akiwa tayari yuko Washington. Baa zilikuwa zimeshaitangulia: bia ya Senator iliyoingia sokoni mwaka 2004 watu waliiagiza kwa kusema "Obama" tu, na mhudumu alielewa. Kwetu, neno seneta na jina hilo vimeshikana kama ulimi na mate.

Sasa muulize mtu, alikuwa seneta wa wapi? Atakujibu, wa Marekani. Jibu hilo linaacha nje sehemu kubwa ya hadithi. Kiti cha Seneti ya Marekani Barack Obama alikikalia chini ya miaka minne, kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008. Kabla ya hapo alikuwa seneta kwa karibu miaka minane katika bunge jingine kabisa, Bunge la Jimbo la Illinois, linalokaa katika mji wa Springfield, zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi mwa Chicago. Huko ndiko alikojifunza siasa za uchaguzi, na huko ndiko anakosahauliwa.

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye lugha yetu. Mtanzania akisema jimbo anafikiria eneo la mbunge mmoja. Mkenya eneo hilo analiita eneo bunge, na jimbo kwake ni kitu kikubwa zaidi. Tukihamia Marekani, jimbo linakuwa Illinois nzima, yenye gavana wake, mahakama yake ya juu, katiba yake na bunge la vyumba viwili. Kwa hiyo katika makala haya nitasema jimbo kwa maana ya Illinois, na sehemu inayochagua seneta mmoja nitaiita eneo. Obama alikuwa seneta wa eneo la 13.

Seneti ya Illinois ina viti 59, na kila eneo la seneta limegawanywa mara mbili ili litoe wajumbe wawili wa Baraza la Wawakilishi, ambalo kwa hiyo lina viti 118. Miaka ya 1990 eneo moja la seneta lilikuwa na watu karibu laki mbili. Mkenya anaweza kushawishika kumlinganisha seneta wa namna hii na mwakilishi wadi wa bunge la kaunti, lakini mizani haikai sawa. Bunge la jimbo kule linatunga sheria za jinai, linaamua adhabu ya kifo iwepo au isiwepo, linapanga kodi ya mapato ya jimbo, linagawa fedha za shule na matibabu. Na jambo moja zaidi, ambalo kwetu wabunge hawajaachiwa walifanye peke yao: wabunge wa Illinois wana kalamu ya kuchora mipaka ya maeneo yao wenyewe. Kalamu hiyo tutaikuta tena mbele.

Rekodi ya Obama yenyewe ni fupi. Alisimama kugombea kiti cha jimbo mara tatu, mwaka 1996, 1998 na 2002, na mara zote akashinda. Mwaka 2000 aligombea Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi la Marekani, akashindwa vibaya. Mwaka 2004 akagombea Seneti ya Marekani akashinda kwa kishindo. Ukiisoma hivyo utaona nyota iliyopanda na kujikwaa mara moja. Lakini chukua zile chaguzi tatu za jimbo uangalie upande wa mchujo wa chama, kwa sababu upande wa kusini wa Chicago ni ngome ya Wademokrat, na huko anayepita mchujo amekwisha kushinda. Katika michujo yote mitatu, 1996, 1998 na 2002, Obama hakukutana na mpinzani hata mmoja. Alipita bila kupingwa. Mara ya kwanza ndiyo inayohitaji kuelezwa polepole.

Aliingia Chicago mwaka 1985 akiwa kijana wa miaka 23, kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini kabisa ya jiji, Roseland na nyumba za serikali za Altgeld Gardens. Akaondoka kwenda kusoma sheria Harvard, akarudi. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura jimboni, iliyolenga hasa weusi waliokuwa hawamo kwenye daftari, na watu wapatao 150,000 wakaandikishwa. Halafu akawa wakili na mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Chicago, akiishi jirani na chuo hicho, mtaa wa Hyde Park.

Mwaka 1995 kiti kimoja cha Kongresi upande huo wa jiji kilibaki wazi baada ya mwenye nacho, Mel Reynolds, kutiwa hatiani kwa makosa ya ngono na kujiuzulu. Alice Palmer, mwalimu na mwanamke aliyeheshimika sana, ndiye aliyekuwa seneta wa jimbo kwa eneo la 13. Akaamua kugombea kile kiti cha Kongresi, na akamtambulisha Obama kuwa ndiye angependa amrithi Springfield. Tarehe 19 Septemba 1995 Obama akatangaza nia katika hoteli moja ya Hyde Park. Hadi hapo ilikuwa makubaliano ya kirafiki.

Novemba 28 Palmer akashindwa kwenye mchujo wa Kongresi. Aliyeshinda ni Jesse Jackson Jr., na Palmer akaishia nafasi ya tatu. Wafuasi wake wakamtaka arudi kutetea kiti chake cha zamani. Wakamwomba Obama akae pembeni, bado kijana, zamu yake itafika. Akakataa. Alikuwa ameshaahidi watu, ameshachangisha fedha, ameshakusanya sahihi.

Sahihi ndizo zilizoamua kila kitu. Ili jina liandikwe kwenye karatasi ya mchujo, mgombea wa kiti hicho alihitaji sahihi 757 za wapiga kura waliosajiliwa katika eneo lile. Utaratibu huu si mgeni kwetu: Kenya, mgombea huru wa ubunge anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 wa eneo lake, na Tanzania mgombea lazima apate wadhamini. Palmer alianza kukusanya mwezi Desemba, mwisho wa kuwasilisha ukiwa umebaki siku chache, na akapeleka karibu 1,580. Ni zaidi ya mara mbili ya zile zilizotakiwa. Mtu angedhani yuko salama.

Kufikia Januari 1996 watu wa Obama walikuwa wameketi kwenye ofisi za bodi ya uchaguzi ya Chicago, wanapitia zile karatasi mstari kwa mstari, huku daftari la wapiga kura likiwa mezani. Tuseme mstari mmoja una jina lililoandikwa kwa herufi kubwa zilizoachana, kama mtu anavyojaza fomu ya posta, wala si sahihi yenyewe. Unawekewa pingamizi. Wa pili una sahihi nzuri, lakini mwenyewe alihama nyumba mwaka jana na anwani aliyoandika haifanani na iliyo kwenye daftari. Pingamizi. Wa tatu anaishi ng'ambo ya barabara, hatua chache tu nje ya mpaka wa eneo la 13. Huyo naye anatoka. Daftari lenyewe lilikuwa limesafishwa muda mfupi kabla ya hapo, kwa hiyo waliotia sahihi kwa moyo mweupe wakiamini wamesajiliwa walikuta majina yao hayamo.

Walipomaliza hesabu, Palmer alipungukiwa na sahihi zipatazo 200. Wagombea wengine watatu waliokuwa wamejitokeza kwenye mchujo nao waliwekewa mapingamizi. Mmoja alikuwa na sahihi 1,899 na bado akapungukiwa na 69. Wote wakaenguliwa au wakajitoa. Palmer alijitoa tarehe 17 Januari. Mwezi Machi, wapiga kura wa eneo la 13 walipofungua karatasi ya chama cha Democratic, sehemu ya useneta wa jimbo ilikuwa na jina moja.

Watetezi wa Obama wanasema sheria ni sheria, na kwamba Chicago kila mgombea makini hupitia karatasi za wenzake. Asiyeweza kukusanya sahihi 757 safi ataiendeshaje ofisi? Nawasikia, na kwa upande wa sheria wako sawa. Ila mimi kila nikisoma habari hii nasimama kwenye jambo moja. Miaka minne tu nyuma mtu huyuhuyu alikuwa amezunguka mitaa hiyo kuwaingiza watu kwenye daftari ili sauti zao zihesabiwe, na sasa kosa la anwani kwenye daftari hilohilo ndilo lililowanyima wakazi wake nafasi ya kuchagua kati ya wawili waliokuwa wanawafahamu. Palmer hakusahau. Mwaka 2008, Obama alipowania urais, alimuunga mkono Hillary Clinton.

Uchaguzi mkuu wa Novemba 1996 ulikuwa wa kutimiza wajibu. Obama alipata kura 48,592, sawa na asilimia 82, mbele ya mgombea wa chama kidogo cha Harold Washington, kilichobeba jina la meya wa kwanza mweusi wa Chicago, na mgombea wa Republican aliyeshika mkia. Akaapishwa Januari 1997.

Kufikia hapo msomaji makini ameshauliza: kama alichaguliwa 1996, kwa nini aligombea tena 1998, miaka miwili tu baadaye, kisha akakaa hadi 2002? Hapa kuna fundo la pili, na ndilo ninaloona wasimulizi wengi hulipita. Viti vyote 59 vya Seneti ya Illinois hupigiwa kura kwa pamoja kila baada ya mipaka kuchorwa upya, yaani miaka inayoishia na 2. Baada ya hapo viti vinagawanywa katika makundi matatu. Ndani ya miaka kumi kila kiti kinapata vipindi viwili vya miaka minne na kimoja cha miaka miwili, ila mpangilio unatofautiana kundi hadi kundi: wengine huanza na miwili, wengine huimaliza nayo, wengine huipata katikati. Eneo la 13 lilikuwa katika kundi la kati. Kuanzia 1992, minne, miwili, minne. Obama alikiingilia kiti kwenye kile kipindi kifupi, akakitetea mwaka 1998 kwa asilimia 89 dhidi ya Mrepublican, na ushindi ule ukampa miaka minne mfululizo.

Miaka minne hiyo ndiyo iliyomruhusu kuthubutu mwaka 2000. Alimwendea Bobby Rush, mbunge wa Kongresi wa eneo la kwanza la Illinois, kiti kilichokaliwa na weusi bila kukatika tangu 1929. Rush alikuwa amepigwa na Meya Richard Daley katika uchaguzi wa umeya Februari 1999, na Obama akaona kuwa mzee ameyumba. Alikosea. Rush alikuwa kiongozi wa zamani wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, mtu wa mitaa ile, na kushindwa kwake na Daley hakukumtoa mioyoni mwa watu wake. Oktoba 1999 mwanawe alipigwa risasi akafa, na jiji lote likaomboleza naye.

Halafu likaja la Desemba. Bunge la jimbo liliitwa kikao maalumu kupigia kura muswada wa silaha, wakati Obama yuko Hawaii na familia, binti yake Malia akiwa na mwaka mmoja na nusu na anaumwa. Hakurudi kwa wakati. Muswada ukashindwa kwa tofauti ya kura chache. Hebu fikiria: mpinzani wako amezika mtoto aliyeuawa kwa risasi, na wewe umekosa kura ya sheria ya bunduki ukiwa kwenye kisiwa cha mapumziko. Sababu ya mtoto mgonjwa ni ya kweli na kila mzazi anaielewa, lakini kwenye kampeni haikumsaidia kitu. Rais Clinton akarekodi tangazo la redio kumuunga mkono Rush. Wapinzani wakamchora Obama kama mtu wa chuo kikuu asiye wa damu ya mitaa ile. Tarehe 21 Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30, na seneta mwingine wa jimbo, Donne Trotter, 7.

Kipigo cha zaidi ya mbili kwa moja huwazika wanasiasa wengi. Obama aliamka kesho yake bado ni seneta wa jimbo, mshahara upo, kiti kipo hadi 2002. Laiti eneo la 13 lingekuwa kwenye kundi ambalo kipindi chake kinaisha mwaka 2000, angelazimika kuchagua kimoja, kutetea cha jimbo au kuwania cha Kongresi, na leo pengine tungekuwa tunamjua kama mhadhiri mmoja wa Chicago ambaye baba yake alitoka Siaya.

Sasa ile kalamu ya mipaka. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema bunge lichore ramani mpya baada ya sensa. Likishindwa kuelewana, inaundwa tume ya watu wanane, wasiozidi wanne wa chama kimoja. Wanne kwa wanne maana yake ni sare karibu ya hakika. Tume ikikwama, Mahakama ya Juu ya jimbo inatoa majina mawili, moja la kila chama, na Katibu wa Jimbo anachomoa moja hadharani. Huyo aliyechomolewa anakuwa mjumbe wa tisa, na chama chake kinachora ramani kitakavyo. Waandishi wa katiba waliamini kwamba hofu ya kubahatisha namna hiyo ingewalazimisha wanasiasa kukaa chini waelewane. Hawakuelewana 1981, hawakuelewana 1991, hawakuelewana 2001.

Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Warepublican. Ramani waliyoichora iliwapa Seneti kwa miaka kumi, kuanzia Januari 1993 hadi Januari 2003, chini ya rais wa Seneti James "Pate" Philip. Ndiyo kusema Obama alipoingia 1997 aliingia upande wa wachache, na katika bunge lile muswada wa mtu wa upande wa wachache unaweza kufia kwenye kamati bila hata kusomwa. Tarehe 5 Septemba 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alisimama Springfield na kofia ndefu nyeusi iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, ambaye naye aliwahi kuwa mbunge wa jimbo hilo. Ndani ya kofia mlikuwa na majina mawili. Akatia mkono, akatoa jina la Michael Bilandic, Mdemokrat, aliyewahi kuwa meya wa Chicago. Hivyo ndivyo udhibiti wa bunge la watu zaidi ya milioni 12 ulivyobadilika mikono, kwa karatasi moja kutoka kofiani.

Wademokrat walikuwa wameshajiandaa. Mapema mwaka huo maseneta wao walikuwa wakiingia mmoja mmoja kwenye chumba chenye kompyuta pale Springfield na kupanga maeneo waliyoyataka, na Obama alikuwa mmoja wao. Eneo la 13 la zamani lilikuwa la upande wa kusini: Hyde Park pamoja na mitaa ya weusi wenye kipato cha chini iliyolizunguka. Jipya likanyooka kuelekea kaskazini kando ya Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji hadi kwenye majumba ya kifahari ya Gold Coast. Weusi walibaki wengi zaidi katika eneo hilo, ila sasa lilikuwa na watu weupe na matajiri kuliko awali, wachangiaji wa kampeni na wenye kufahamiana na magazeti. Mtu aliyeshindwa na Rush kwa kuonekana si wa mitaani alikuwa amejipatia wapiga kura wa aina iliyompokea vizuri zaidi. Novemba 2002 alipita bila mpinzani, si kwenye mchujo wala kwenye uchaguzi mkuu.

Mimi naliona hili kuwa zito kuliko zile sahihi za 1996, ingawa linazungumzwa kidogo zaidi. Sahihi zilimpa kiti. Ramani ilimpa kundi la watu waliomfikisha mbali zaidi ya kiti hicho. Na ramani hiyohiyo iliwapa Wademokrat Seneti yote: Januari 2003 Emil Jones Jr., mkongwe wa upande wa kusini, akawa rais wa Seneti. Jones amesimulia mara nyingi jinsi Obama alivyomwendea wakati huo na kumwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani, na mtu huyo awe yeye.

Kabla ya hapo Obama hakuwa amekaa bure. Mwaka 1998, akiwa bado upande wa wachache, alikuwa miongoni mwa waliopitisha sheria iliyopiga marufuku zawadi nyingi kutoka kwa washawishi, watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wao, na kuzuia wabunge kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yao binafsi. Ila mavuno makubwa ni ya 2003. Jones alimkabidhi uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, pamoja na miswada ambayo baadhi ya wenzake walilalamika kwamba wao ndio walioihangaikia miaka yote.

Miwili kati ya hiyo inastahili kutajwa. Mmoja uliwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani, ili ijulikane kwa takwimu kama weusi wanasimamishwa kupita kiasi. Wa pili uliamuru mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwenye kanda tangu mwanzo. Illinois ilikuwa jimbo lenye jeraha: tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 waliohukumiwa kufa walikuja kubainika kuwa hawakustahili kuhukumiwa, wengine baada ya kukiri chini ya mateso au vitisho. Gavana George Ryan, Mrepublican, alisimamisha adhabu hiyo Januari 2000. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga muswada wa kurekodi. Obama alikaa nao, akasikiliza, akarekebisha, na ulipofika ukumbini hakuna seneta hata mmoja aliyepiga kura ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge.

Kitu kimoja cha Springfield kilimfuata hadi kwenye kampeni ya urais. Kwenye dawati la seneta kuna vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, na cha njano ambacho maana yake ni "nipo". Katika kura zipatazo 4,000 alizopiga, Obama alibonyeza njano karibu mara 130. Mwaka 2008 wapinzani walisema huyu ni mtu anayekwepa msimamo. Kuielewa hoja hiyo inabidi ujue hesabu: muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59, haidhuru waliohudhuria ni wangapi. Kwa hiyo "nipo" inauzuia muswada sawasawa na "hapana". Mara nyingine chama chote kilibonyeza njano kwa makubaliano, kama kwenye miswada ya utoaji mimba iliyoandikwa ili kuwatega Wademokrat wa maeneo magumu. Mara nyingine aliona wazo ni zuri lakini muswada umeandikwa vibaya. Na zipo mara ambazo njano ilimkinga tu na tangazo la kampeni la kesho. Yote matatu ni kweli, na anayekutajia moja tu anakupa theluthi ya habari.

Uchaguzi wa 2004 unajulikana, nitaupita haraka. Kiti chake cha jimbo hakikuwa kinapigiwa kura mwaka huo, kwa hiyo kwa mara ya pili aligombea cha juu bila kukihatarisha cha chini. Mchujo wa Machi ulikuwa na wagombea saba, mmoja wao tajiri aliyemwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe. Obama alipata asilimia 53 peke yake. Mpinzani wa Republican akajitoa baada ya nyaraka za talaka yake kufunguliwa mahakamani, chama kikamleta Alan Keyes kutoka nje ya jimbo mwezi Agosti, na Novemba 2 Obama akashinda kwa asilimia 70 dhidi ya 27. Hapo ndipo Kenya ilipoanza kuimba jina lake.

Siku mbili baada ya ushindi alijiuzulu Seneti ya jimbo. Kule Illinois kiti cha bunge la jimbo kikiachwa wazi hakuna uchaguzi mdogo kama tulivyozoea. Wakuu wa chama wa kata zilizo ndani ya eneo wanakutana na kumteua mtu. Walimteua Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago kwa wazazi kutoka Haiti. Raoul alikaa hadi alipochaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois, na Januari 2019 wakuu wa chama wakateua tena, safari hii Robert Peters. Palmer mwenyewe aliingia kwa kuteuliwa, mwaka 1991, mtangulizi wake alipostaafu. Tangu hapo hadi Peters, watu wanne waliingia kwenye kiti cha eneo la 13. Watatu waliteuliwa. Aliyeingia kwa sanduku la kura ni Obama peke yake, na kwenye karatasi ya mchujo wa Machi 1996 jina lake lilisimama bila jingine.